Katani ndefu au fupi kwenye rezini? Mafundi wa Lindi na Mtwara tujuzane

#1 FundiDari_Lindi
Wakuu salaam.

Nipo Lindi mjini, kazi yangu jipsamu: dari, mikanda ya pembeni, maua ya katikati. Anayemwaga mikanda anajua kuwa bila katani (nyuzi za mkonge) ndani, mkanda unakukatikia mkononi kabla hujapanda nao ngazi. Hilo halina ubishi.

Ubishi umekuja tulipoanza kujaribu kitu kingine. Tunachukua rezini ya poliesta, ile gundi ya kuganda ya mafundi boti, halafu badala ya mkeka wa faiba tunaweka katani. Tunataka kutoa mifuniko ya matangi na madigadi ya bodaboda. Mwenzangu anaikata katani vipande vya nusu kidole, kama sentimita 3 hivi, anasema inachanganyika vizuri na uso unatoka laini. Mimi naitandaza ndefu kama ilivyotoka kwenye robota. Kipande chake ukikikunja kinalia "ka!" mara moja, kimekwisha. Changu kinaanza kwa kulalamika, kinapinda, kinaachia taratibu na hata kikishavunjika bado kinaning'inia.

Msimamo wangu: urefu wa uzi ndiyo nguvu. Ukiikata katani umetupa hela. Anayepinga aje na sababu, maneno ya kijiweni abaki nayo kijiweni.

#2 KoroshoDarajaLaKwanza
Nimekaa pale. Waje wajuzi.

#3 MzeeWaUsumba
Mimi napinga. Nipo Mikindani na nimesokota kamba za usumba tangu sijaota ndevu. Makumbi tulikuwa tunayafukia kwenye tope la pwani, maji ya bahari yanapanda na kushuka juu yake miezi kadhaa, ndipo unayafukua na kuyapiga kwa rungu hadi nyuzi ziachane. Ukishika uzi mmoja wa nnazi, hauzidi shubiri na kidogo. Lakini kamba tuliyotoa ilifunga nanga ya jahazi. Urefu wa kamba ulitoka wapi wakati nyuzi ni fupi? Kwenye msokoto. Nyuzi zinabanana, kila mmoja unamshika mwenzake. Fungua msokoto uone kama kamba ile itavuta hata kuku.

Mitepe ya zamani pwani hii ilishonwa mbao kwa mbao kwa kamba za usumba, msumari hakuna, na ilivuka bahari. Kwa hiyo kijana, tafuta mshiko. Urefu ni mapambo.

#4 FundiDari_Lindi
@MzeeWaUsumba shikamoo mzee. Lakini kwenye rezini hatusokoti, tunalaza.

#5 MzeeWaUsumba
Marahaba. Basi rezini ndiyo msokoto wako. Jiulize inashika au haishiki.

#6 Injinia_Chuno
Mzee kagusa penyewe, ila urefu si mapambo. Ngoja niweke hesabu, wanaoogopa namba wapite kando.

Uzi ukiwa ndani ya gundi, mzigo hauingii kwa kupitia kwenye ncha. Unaingia pembeni, kwa gundi kuushika uzi mwili mzima. Uzi mfupi una eneo dogo la kushikwa, kwa hiyo ukiuvuta unachomoka mzima bila kukatika, na nguvu yake yote hujaitumia. Ukiwa mrefu vya kutosha, gundi inaweza kuuvuta hadi ukatike. Mpaka kati ya hali hizo mbili unaitwa urefu wa ukomo. Watafiti Kelly na Tyson waliuandikia mwaka 1965, na kanuni yenyewe ni nyepesi: chukua nguvu ya uzi, zidisha kwa unene wake, gawanya kwa mara mbili ya nguvu ya mshiko.

Tuseme katani yako ina nguvu ya megapaskali 500 (kipimo cha nguvu kwa kila eneo), unene milimita 0.2, na poliesta inaishika kwa megapaskali 5. 500 mara 0.2 ni 100. Gawanya kwa 10. Unapata milimita 10, sentimita moja tu.

Sasa ona faida ya kurefusha. Nyuzi za milimita 5 zinakupa robo ya nguvu yake. Za milimita 10, nusu. Za sentimita 3, asilimia 83. Za sentimita 6, asilimia 92. Ukiacha mita nzima unapata 99 na ushee. Kutoka milimita 5 hadi sentimita 3 umevuna sana. Kutoka sentimita 6 hadi mita, umeokota makombo.

#7 Kaskazi_Tupu
Kwa hiyo fundi kashindwa kwa hesabu 😂 Watu wa Lindi mkae mkijua Mtwara tuna wasomi.

#8 FundiDari_Lindi
Sijashindwa. @Injinia_Chuno rudi kwenye post #1. Mwenzangu anakata sentimita 3. Kwa hesabu yako anapata asilimia 83 na mimi 99. Tofauti hiyo isingeonekana kwa mkono. Lakini cha kwake kinavunjika papo hapo na changu hakivunjiki hivyo. Hesabu yako inaelezaje?

#9 KoroshoDarajaLaKwanza
Mpira umerudi Chuno.

#10 BintiNahodha
Kabla injinia hajajibu. Fundi unaponda kukata nyuzi wakati boti nyingi za faiba unazoziona feri na Msimbati zimetengenezwa kwa nyuzi zilizokatwa. Ule mkeka wa faiba wa kawaida ni nyuzi za kioo za sentimita 5 hivi, zimemwagwa ovyo ovyo zikagandishwa pamoja. Baba yangu anaunda na kukarabati boti hizo, mimi ndiye mchanganyaji wa hadina, dawa ya kugandisha rezini. Boti inapigwa na mawimbi ya kusi miaka na miaka. Kama urefu ndiyo nguvu, zote zingeshazama.

#11 Injinia_Chuno
@BintiNahodha hoja nzuri, ila kioo si katani. Uzi wa kioo ni mwembamba mno, kama milimita 0.015, na unashikwa vizuri kwa sababu kiwandani unapakwa dawa ya kuupatanisha na rezini. Weka nguvu 2000 na mshiko 30 kwenye kanuni ile ile, unapata nusu milimita. Sentimita 5 ni mara mia ya hapo. Katani ni nene mara kumi na zaidi, ndiyo maana inadai urefu. Ukitaka uzi mfupi ufanye kazi, upasue uwe mwembamba.

@FundiDari_Lindi swali lako ni la haki. Naona mambo mawili. Kwanza, mwenzako amemwaga nyuzi zikaangalia kila upande, wewe umezilaza zote kuelekea unakokunja. Za kwake nyingi zimekaa mkao usiosaidia. Hapo urefu unasifiwa kwa kazi ya uelekeo. Kunja kipande chako kwa upande wa pili, nyuzi zikiwa zimekatiza, halafu uje utuambie.

Pili, ile megapaskali 5 niliikadiria mimi. Katani ina nta na uchafu wa jani. Kama haikuoshwa na mshiko umeshuka hadi megapaskali 1, urefu wa ukomo unaruka hadi sentimita 5. Hapo sentimita 3 za mwenzako zinatoa asilimia 30 tu, wewe na mita yako bado uko juu ya 97. Uzi mrefu unaficha gundi mbovu.

#12 MzeeWaUsumba
Nilisema mshiko.

#13 Mti_Mkavu
Mnasumbuka bure. Katani ina nguvu kuliko chuma, Waarabu waliijua zamani ndiyo wakaileta pwani. Wekeni tu, ndefu au fupi.

#14 Mwalimu_Ng'apa
@Mti_Mkavu mawili hayo yote si kweli. Mkonge asili yake Mexico, na ulioletwa kwetu uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893 kutoka Florida. Alisafirishiwa miche 1,000, iliyofika hai ikapandwa ni 62. Huku kwetu Kikwetu palijaa mkonge kutokana na chanzo hicho hicho.

Na kuhusu chuma: kwa kuvutwa hadi kukatika, katani nzuri inalingana na chuma cha kawaida, haikiachi mbali. Inakizidi ukipima kwa uzito, maana chuma ni kizito zaidi ya mara tano. Lakini kwa ukakamavu, yaani kutonyumbulika, chuma kinaishinda mara kumi au zaidi. Digadi la katani litacheza, lichezeshe ukijua.

Halafu injinia, kuna kitu umekiruka. Uzi mrefu ukiupima peke yake ni dhaifu kuliko uzi mfupi wa aina hiyo hiyo.

#15 Kaskazi_Tupu
Mwalimu sasa unatuchanganya.

#16 Mwalimu_Ng'apa
Sichanganyi. Chukua uzi mmoja wa katani, uangalie juani. Una mahali pembamba, mahali penye kovu la mashine ya kukwangulia, mahali palipokunjwa kwenye robota. Ukivuta, unakatika kwenye kasoro mbaya kuliko zote. Uzi wa sentimita 1 una nafasi ndogo ya kuwa na kasoro mbaya sana, uzi wa mita unazo nyingi. Mtafiti Griffith alilifanyia kazi jambo la kasoro kwenye nyuzi za kioo mwaka 1921, na alikuta jinsi uzi unavyokuwa mwembamba ndivyo nguvu inavyopanda.

Kwa hiyo ile 500 ya injinia si namba moja. Inashuka kadiri unavyorefusha. Hapo kukata kuna faida yake.

#17 Injinia_Chuno
Kweli mwalimu, lakini ndani ya gundi uzi ukikatika kwenye kasoro haufi wote. Vile vipande viwili vinashikwa upya pembeni na kuendelea kubeba, mradi kila kimoja kimezidi urefu wa ukomo. Kwa hiyo kasoro za uzi mrefu hazina ubaya huo ndani ya kompoziti (uzi na gundi vikiwa kitu kimoja) kama zilivyo mkononi.

#18 Mwalimu_Ng'apa
Mradi mshiko upo. Na tumeshaambiwa huenda haupo.

#19 FundiDari_Lindi
Nimerudi. Nimekunja cha kwangu kwa upande wa pili kama alivyosema injinia. Kimevunjika kirahisi, tena kirahisi kuliko cha mwenzangu. Amecheka mpaka amekaa chini.

Ila sijaridhika. Tumeangalia pale cha kwake kilipovunjikia. Kuna mahali nyuzi zimekatika usawa na rezini. Kuna mahali zimechomoka, zimebaki nywele nje na matundu upande wa pili. Na kuna mahali hakuna uzi hata mmoja, rezini tupu yenye vipovu, na ufa umepita hapo hapo.

#20 SementiNaKokoto
Hayo ya mwisho ndiyo jibu. Zimefanya mafundo. Mimi natengeneza vigae na matofali hapa Mtwara, niliwahi kuweka katani kwenye chokaa ya sementi. Ukizidisha urefu au wingi, nyuzi zinajiviringisha na kuwa mipira ndani ya mchanganyiko. Sehemu moja mpira wa katani bila sementi, sehemu nyingine sementi bila katani. Kwa kuchanganya kwa koleo, mimi sivuki sentimita 2 na nusu, na nyuzi naziweka chache sana, asilimia moja au mbili ya ujazo. Kwa hiyo kwenye sementi urefu unaamuliwa na koleo, wala si na kanuni ya Chuno.

Angalizo kwa mwenye mpango wa vigae: sementi ni kali kama magadi, inaila katani polepole. Kigae kinatoka imara, baada ya miaka kadhaa kimekuwa kikavu cha kuvunjika. Wengine hupunguza sementi na kuweka majivu ya pumba za mpunga yaliyosagwa laini ili kutuliza ukali.

#21 FundiDari_Lindi
Lakini mkuu hapo fupi ndiyo inafanya mafundo? Umesema ndefu.

#22 SementiNaKokoto
Ndefu zaidi, ila hata sentimita 3 inafunga fundo kama umeikoroga kwenye ndoo. Wewe hujakoroga, umelaza kwa mkono. Ushindani wenu si wa ndefu na fupi, ni wa kulaza na kukoroga.

#23 PlastikiMpya
Kwenye plastiki ni kichekesho zaidi. Tunayeyusha madumu na vifuniko, tunapitisha kwenye mashine ya parafujo. Unaingiza nyuzi za sentimita 1, parafujo inazisaga, zinatoka milimita 1 au chini. Urefu ulioukata kwa mkasi haupo tena. Kwa hiyo anayejisifu amekata urefu fulani, namuuliza: umepima kabla au baada?

#24 BintiNahodha
Naomba niwarudishe majini, maana wote mnavunja vitu vikavu. Tuliwahi kuziba tobo la ngalawa ya jirani kwa rezini na katani, ndefu, imelazwa vizuri, fundi angeipenda. Nchi kavu ilikuwa nzuri ajabu. Ilipokaa majini, kando kando pale tulipokata kwa msumeno ncha za nyuzi zikabaki wazi, kiraka kikaanza kuvimba. Kikianikwa kinasinyaa, kikirudi majini kinavimba. Ukipiga kwa kifundo cha kidole unasikia mlio wa utupu ndani. Uzi ulikuwa umeshaachana na rezini bila kuvutwa na mtu yeyote.

Uzi mrefu unaotokea upande mmoja hadi wa pili unakuwa bomba la maji. Mfupi uliofunikwa na rezini pande zote haunywi haraka. Kwa chombo cha majini, mimi nampigia kura mwenzako.

#25 MzeeWaUsumba
Mjukuu wangu, ndiyo maana wazee walichagua usumba majini. Katani ikikaa kwenye maji ya chumvi inaoza. Usumba umezaliwa na kumbi, unakaa majini miaka.

#26 Mwalimu_Ng'apa
Mzee yuko sahihi. Usumba una lignini nyingi, asilimia 40 hivi, katani kama asilimia 10. Lignini ndiyo inayokataa kuoza. Kwa nguvu ya kuvutwa usumba uko chini sana, megapaskali 100 hadi 200 hivi, lakini unarefuka robo ya urefu wake na zaidi kabla ya kukatika. Katani inarefuka asilimia chache tu. Kwa kitu kinachopigwa pigwa, kama digadi, ningejaribu usumba.

#27 KoroshoDarajaLaKwanza
Na mimi nichangie, nimechoka kukaa pale. Mnalia na rezini ya dukani wakati ganda la korosho mnalichoma moto. Mafuta ya ganda lile yanatengenezewa rezini, na viwandani yanaingia kwenye bitana za breki. Kusini nzima tunabangua, mafuta yenyewe tunayajua kwa kutuunguza vidole tu.

#28 Kaskazi_Tupu
Wewe kwanza tuambie mnada wa juzi umeuza bei gani.

#29 KoroshoDarajaLaKwanza
Usinitie presha, hela bado ipo kwenye stakabadhi ghalani 😅

#30 Injinia_Chuno
Hoja ya korosho si utani. Rezini ya namna ile ni ndugu wa ile iliyotumika kwenye Trabant, gari la Ujerumani Mashariki. Bodi lake lilikuwa pamba na rezini ya fenoli, na pamba ni uzi mfupi, sentimita 2 au 3. Na Mercedes-Benz kwenye E-Class za miaka ya 1990 waliweka mkeka wa kitani na katani kwenye paneli za milango. Kote huko nyuzi zilipangwa kwanza zikawa mkeka, ndipo gundi na mgandamizo vikaja. Hakuna ndoo ya kukorogea.

#31 Mti_Mkavu
Sasa fundi afanye nini? Post thelathini, mtu bado yupo na robota lake.

#32 Injinia_Chuno
Apime mshiko kwanza, haina gharama. Chukua vifuniko vya soda, mimina rezini kina tofauti: milimita 2, 5, 10, na kikombe kimoja cha sentimita 3. Simamisha uzi mmoja mmoja katikati, ushikilie wima kwa kibanio cha nguo hadi rezini igande. Kesho yake vuta kwa koleo taratibu. Unaochomoka mzima umekosa kina. Unaokatika juu ya rezini umeshikwa vya kutosha. Kile kina ambacho nyuzi zinaanza kukatika badala ya kuchomoka, zidisha kwa mbili, ndio urefu wako wa ukomo kwa katani yako na rezini yako, sio kwa namba zangu za kukadiria. Rudia na nyuzi kadhaa maana hazilingani unene.

#33 BintiNahodha
Hiyo nimeifanya jana na leo, rezini ilikuwepo. Katani kama ilivyo kwenye robota: hata kwenye kina cha sentimita 1 nyingi zimechomoka, zimeacha kitundu kisafi. Niliyoiloweka kwenye kostiki soda kidogo, nikaisuuza sana na kuianika hadi ikakauka kabisa, kwenye kina hicho hicho imekatika karibu yote.

#34 Injinia_Chuno
Umeona! Sentimita 1 ikichomoka, maana yake urefu wa ukomo umezidi sentimita 2. Ile sentimita 3 ya mwenzake fundi ilikuwa imekaa mpakani.

#35 Mwalimu_Ng'apa
Polepole injinia. Kostiki ikizidi ukali au muda inaula uzi wenyewe. Huenda imekatika kwa sababu imedhoofika, wala si kwa sababu imeshikwa. Kukatika peke yake hakutoshi, inabidi ujue imekatika kwa uzito gani. Binti, ulipima uzito?

#36 BintiNahodha
Nimevuta kwa mkono mwalimu. Ila nitaning'iniza chupa na kuongeza maji hadi ikatike. Na wanaofuata njia hii vaeni glovu, kostiki haina urafiki.

#37 SementiNaKokoto
Na mfanye na nyuzi nene na nyembamba mbalimbali. Ndani ya fungu moja kuna uzi mnene mara mbili ya mwenzake. Msije mkalaumu kostiki kwa kosa la unene.

#38 FundiDari_Lindi
Nashukuru wote. Nimemwambia mwenzangu tutatoa kipande cha tatu: katani imeoshwa, imekatwa sentimita 6, imelazwa kwa mkono tabaka moja kwenda huku, la pili limekatiza, na tunaikandamiza kwa ubao na tofali juu. Yeye anasema kikiwa kigumu sifa ni za kukata. Mimi nasema ni za kulaza. Mzee atasema ni za kuosha.

#39 MzeeWaUsumba
Nitasema hivyo hivyo. Na ukija Mikindani nitakupa usumba kilo mbili bure uweke kwenye hilo digadi, uone lipi litabaki bodaboda ikianguka.

#40 Ulanzi_Mtamu
Wakuu samahani, nimeingia nimechelewa. Na mianzi je? Ikipasuliwa nyembamba haiwezi kushinda hizo zote?

#41 Kaskazi_Tupu
Wewe wa Iringa fungua uzi wako, na ulanzi uje nao.